Bi. Verna Dreiling, Mwalimu wa Muda kwa Miaka Arobaini na Mmoja

Bi. Verna Dreiling amefundisha hesabu katika Shule ya Pawnee Bend, jimbo la Kansas, kwa miaka arobaini na mmoja, na Ijumaa, tarehe 3 Juni 1966, anastaafu. Wenzangu wamenipa kazi ya kumwandikia wasifu wa kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa kusema kweli wiki hii roho zetu walimu ziko juu juu.

Alitia saini mkataba wake wa kwanza Mei 1925, akiwa na msuko uliofika kiunoni. Mkataba wenyewe ulimkataza mwalimu wa kike kukata nywele, kucheza dansi na kuvaa gauni linaloonyesha miguu. Agosti akaenda mjini Wichita, akaingia kwa kinyozi wa wanaume, akatoka na nywele zinazoishia masikioni, msuko wake ameubeba mkobani. Wasichana wa miji mikubwa walikuwa wakifanya hivyo, na yeye alitaka. Alipofika nyumbani ndipo hofu ilipomwingia. Mama yake alikuwa mjane mgonjwa wa kifua, na mshahara ule ndio uliowalisha wote wawili.

Basi kila asubuhi akawa anauviringa ule msuko uliokatwa na kuubana kisogoni kwa pini. Asiyeujua upepo wa Kansas hawezi kuelewa alivyoteseka. Alitembea ameshika kofia kwa mikono miwili, na chaki ikianguka hakuinama kuiokota. Wanafunzi waliamini ana ugonjwa wa shingo, wakamwonea huruma.

Februari, Bw. Orrin Haskett, mwenyekiti wa bodi ya shule, alikuja kukagua darasa. Jiko lilikuwa linazimika. Bi. Verna akainama kutia makaa, na lile fundo la nywele likadondoka kando ya ndoo.

"Panya! Mwalimu, panya!" akapiga kelele mtoto wa mbele, akalirukia na kulikanyaga kwa miguu yote miwili.

Sisi hucheka tukisimuliwa. Mwenyewe hajawahi kucheka.

Jumamosi aliitwa mbele ya wanaume watano wa bodi.

"Binti," Bw. Haskett akamwuliza, "unataka mabinti zetu wajifunze nini kwako?"

"Hesabu, mzee," akajibu huku sauti ikimtetemeka. "Na nywele sifichi tena. Nimechoka kuogopa upepo."

Hawakumfukuza, kwa kuwa katikati ya baridi ile hakuna mwalimu mwingine aliyekubali kuja Pawnee Bend. Waliamua aendelee kwa muda, mpaka apatikane mwanamke mwenye heshima zake. Mwaka uliofuata wakasema hivyo hivyo, na mwaka uliofuata tena. Kila Mei, mwezi wa mikataba, alingoja kuambiwa kama atabaki. Mwenyekiti akafa, mama akafa, sketi zikapanda na kushuka, naye akabaki na nywele zake za masikioni na kazi yake ya muda. Amefundisha hadi watoto wa yule aliyekanyaga nywele zake, na wote wanajua kugawanya.

Tangu wakati huo, kila msichana aliyeitwa na bodi kwa sababu ya rangi ya mdomo, suruali au sketi, Bi. Verna alikaa kando yake. Wengi waliokolewa kwa kuwa tu hawakuwa peke yao mle ndani.

Jumatatu ijayo ataitwa mwanafunzi wetu Linda Osterhaus, aliyegoma kupiga magoti apimwe kama sketi yake inagusa sakafu. Akishindwa, Septemba harudi kumaliza shule. Siku hiyo imechaguliwa makusudi, Bi. Verna akiwa ameshaondoka na haruhusiwi tena kuingia kikaoni. Tangu tangazo la kikao hicho libandikwe, kila mtu katika chumba cha walimu anaangalia kikombe chake cha kahawa. Mimi nilimfuata Bi. Verna, nikamwuliza mtu afanye nini ili asitetemeke mbele ya bodi.

"Utatetemeka tu, mwanangu," akaniambia. "Wahi kukaa. Meza itakuficha magoti."

Asante kwa yote, Bi. Verna. Tunakutakia maisha mema huko Denver kwa dada yako, na dansi zote ulizokatazwa. Nimeshamwambia Linda kwamba Jumatatu nitakaa naye. Naogopa sana. Mkataba wangu wa mwaka ujao bodi bado haijautia saini.