Kamba Tatu na Kipande: Maisha ya Mwalimu Abdow Ogle Rage

Bismillahi. Tunamsindikiza leo Mwalimu Abdow Ogle Rage, mume, baba, na mpimaji wa kila kitu cha duara kilichopita mbele yake.

Kitambulisho chake kilisema alizaliwa Hadado, Wajir, tarehe 1 Januari 1961. Mamake, marehemu Bi Deka, alicheka kila alipoisikia tarehe hiyo, kwani alijifungua mwishoni mwa mwaka, mafuriko yakiwa yameizingira kambi. Bi Deka alikuwa fundi wa kujenga aqal, nyumba ya duara ya miti na mikeka. Shule hakuiona, lakini alijua kwamba ukinyoosha kamba kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati, kuizunguka nyumba kunataka kamba tatu na kipande.

Abdow alianza shule Hadado mwaka wa 1970. Siku mwalimu alipouliza thamani ya pai, yaani mzunguko wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake, alijibu, "Kamba tatu na kipande." Darasa zima likaangua kicheko. Kilimkaa moyoni kicheko kile, na ndicho kilichomfanya mwalimu wa hesabu.

Alihitimu ualimu mwaka wa 1984, akafundisha Tarbaj tangu Januari 1985, kisha Garissa tangu 1998 hadi alipostaafu 2021. Wanafunzi wake walipima sufuria, matangi na magurudumu ya mikokoteni ya punda. Kila mmoja aliandika alichokipata, wakatafuta wastani, na wastani ukasogea karibu na 3.14. Kunakili jibu la kitabu kulimuudhi kuliko utoro.

Tarehe 12 Agosti 1989 alimwoa Bi Nimo Abdinoor. Mwaka wa 2009 binti yao Ebla, akiwa kidato cha kwanza katika darasa la babake, alipima tangi la shule akapata 3.3. Akaona haya, akaandika 3.14. Babake alipima upya mbele ya wote, akamwekea kosa kwa wino mwekundu.

"Aabo, si kitabu inasema hivyo?"

"Kitabu haijawahi kuona hii tangi, Ebla."

Ebla alikua, akawa mhandisi wa maji. Kila alipokuja nyumbani alidai tiki yake, na mzee akakataa. Walicheka wote, lakini binti aliumia kweli.

Figo zilianza kumsumbua mzee Machi 2024. Jana alasiri, hospitalini Garissa, macho yakiwa yamefifia, alimwomba Ebla apime kifuniko cha chupa ya chai kwa uzi wa shali yake. Ebla angeweza kutaja 3.14 ili amfurahishe. Alipima mara mbili.

"Tatu nukta tatu, Aabo."

"Umepima vibaya," mzee alisema, akitabasamu. "Lakini umepima."

Akakishika kiganja cha bintiye, akachora tiki kwa kidole.

Alifariki alfajiri ya leo, Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Ameacha mjane, Bi Nimo, watoto watatu, Ebla, Najib na Iftin, nduguye Abdilatif, wajukuu wanne, na wanafunzi ambao hakuwahi kuwahesabu.

Mwenyezi Mungu amsahihishie kwa huruma, na amlaze salama.