Mbegu Niliyomnyima Linet

Wanjohi, na wewe Wanja, popote sauti hii itakapowakuta, mmoja Ruiru na mwingine huko Kanada, acheni mnachofanya mnisikize, kwa sababu daktari wa Eldoret amenirudisha nyumbani, na mtu wa umri wangu akirudishwa nyumbani anaelewa ameambiwa nini. Mapafu yamechoka. Nikinyamaza msidhani nimemaliza, ninatafuta pumzi tu. Linet, mwalimu aliyechukua darasa langu, ameweka simu yake kwenye stuli, akaibonyeza, akaenda kufundisha. Niko peke yangu, na ni afadhali, maana mengine ya haya sijawahi kumwambia mtu.

Najua mlikuwa mnaona haya kwamba baba yenu ni mwalimu wa nasari, mwanamume mzima anaimba na watoto wa miaka minne, mifuko ya koti imejaa mbegu za maboga na kunde. Wanjohi, ulipigana shuleni kwa sababu hiyo, na hukuniambia, mama yako ndiye aliyeniambia. Lakini kazi hiyo niliipenda. Niliwafundisha kujua mboga ya managu kwa kunusa jani. Niliwaonyesha kwamba maua ya boga yapo ya kiume na ya kike, na yale ya kiume huanguka bila kuacha boga, wala si kosa lao. Nilipanda kila msimu mstari mmoja wa maharagwe wa kufukuliwa tu, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kungoja wiki nzima bila kuchungulia, na ukimchapa kwa kuchungulia umemfundisha kuogopa udongo.

Na hapo nina kosa kwako, Wanjohi. Ulikuwa na miaka sita. Uliniletea ua la boga lililonyauka ukaniuliza, "Baba, hili mbona halikuzaa?" Nikakwambia, "Niache, nimeshinda na watoto." Ukalitupa mlangoni ukaenda zako. Kesho yake nikawafundisha watoto wa watu jambo hilo hilo, nusu saa nzima, tukicheka. Subira yangu yote ilikuwa inaishia kule, nyumbani nilileta mabaki. Nisamehe, mwanangu. Ningekuwa nimekujibu siku ile, pengine leo ungenipigia simu hata bila sababu.

Sasa nifike kwenye lile ambalo limetutenga. Nyumba yetu ya hapa Cheptiret ilipochomwa, Januari ile ya 2008, kwenye fujo za baada ya uchaguzi, Wanja ndiye aliyemwona kwanza. Ulinivuta koti ukasema, "Baba, si huyo ni Baba Linet?" Alikuwa ni Kipchumba, jirani yetu, amesimama na wenzake kando ya ghala la mahindi, na ghala linawaka. Nilikushika mkono tukakimbia, mama yenu mbele, Wanjohi na blanketi moja nyuma. Mwezi wa tatu mama yenu Njeri akafa kwenye mahema kule mjini, baridi imemwingia kifuani, na baada ya mazishi mjomba wenu Gikonyo akawachukua. Mwezi wa sita mimi nikarudi hapa. Mlisema nimemtupa mama yenu, nimekwenda kuwaimbia watoto wa waliomuua. Sikurudi kwa ushujaa, wanangu. Nililetwa hapa mgongoni kwa mama yangu, sijui mahali pengine, wala sijui kazi nyingine.

Siku ya kwanza darasani walikuja watoto watatu. Watu wetu walikuwa wamehama, na wa huku waliogopa kuonekana wakileta watoto kwangu. Wa tatu aliletwa na Hellen, mke wa Kipchumba. Alisimama mlangoni, kitambaa kimefunika nusu ya uso, akasema, "Mwalimu, baba yake hajui nimemleta."

Nikamwambia, "Mwache hapo."

Linet, huyu huyu aliyeniwekea simu, alikuwa na miaka minne. Nilitoa maharagwe mfukoni, nikampa mtoto wa kwanza moja, nikampa wa pili moja, halafu nikafika kwa Linet, nikafunga mkono wangu, nikampita. Akabaki amefungua kiganja. Nilifundisha somo lote, nikawapeleka wale wawili nje kupanda, nikarudi, bado alikuwa amekifungua. Hakulia. Alidhani zamu yake haijafika. Kengele ilipolia mama yake akaja kumchukua, na mimi nikakaa kwenye kale kabenchi kadogo mpaka miguu ikafa ganzi, nikiona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu pekee ambaye ningemwambia nilikuwa nimemzika.

Asubuhi yake alirudi. Nikampa yeye kwanza. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ni yangu?" Nikasema, "Ni yako." Nilirudia mara mbili.

Tangu mwaka uliofuata, kila Machi, Kipchumba huja na ng'ombe wake, analima bustani ya watoto, anafunga jembe, anaondoka. Hajawahi kusema neno juu ya ule moto na mimi sijawahi kuuliza. Nikimkuta barabarani husema "Mwalimu," nami naitika. Ni hivyo tu, miaka kumi na sita. Siwaambii mumsamehe. Mimi mwenyewe sijui kama nimemsamehe. Kuna siku nasikia lile jembe na mwili unasisimka. Nawaambia tu kwamba mtoto hakuwa ghalani.

Linet, mama, utayasikia haya kabla hujawatumia, najua. Siku ile sikuwa nimekusahau. Nilikuona na nikakuruka. Hayo mengine kamuulize baba yako ukitaka, na usipotaka pia ni haki yako.

Ngojeni... ngojeni kidogo.

Hati ya shamba iko kwa mchungaji. Ekari mbili za juu ni zenu wawili, kateni katikati, msiite wakili kwa jambo ambalo kamba na vijiti vinne vinatosha. Ile robo ekari ya bustani, karibu na darasa, ni ya nasari, na Linet ndiye atakayeitunza. Wanjohi, ulinipigia Krismasi ukasema ninawapa jasho la mama yenu watu waliomchomea nyumba. Nilikata simu. Lakini hiyo robo mama yenu aliilima pamoja na mimi ili watoto wajifunzie, na nimeiandika hivyo, msiipeleke kortini.

Mbegu ziko kwenye mikebe chini ya kitanda, nimebandika majina. Linet, usimwahidi mtoto kwamba kila mbegu itaota. Mwambie tutaangalia.

Mchana watoto wakienda kwao, hapa kunakuwa kimya sana. Sikuwaambia kwenye simu. Mlikuwa mnauliza, "Uko sawa?" nami nasema niko sawa, halafu mnakata. Nilikuwa naosha kikombe kimoja, naketi.

Sasa... maziko. Msinizike Jumamosi. Wengi wetu walihama hawakurudi, Jumamosi hapatakuwa na watu. Nizikeni siku ya shule, saa nne, wakati wa mapumziko, wale wadogo watatoka. Wasikatazwe kuchungulia.

Wanja, Mungu akulinde huko baridini, akupe mtu wa kukuita kwa jina lako. Wanjohi, mwanangu wa kwanza, Mungu akupe watoto wenye maswali... na akupe nguvu ya kujibu, jioni, ukiwa umechoka. Linet... na wewe. Na wewe vilevile.

Njooni nyote wawili. Siku ya shule. Jumanne... Jumanne ni nzuri.