Manyoya Hayakuwa na Kosa: Maisha ya Marehemu Filoména Hudcová

Padri, majirani, na ndugu mliosafiri kwenye barafu hii: mimi ni Zdenka, binti wa kwanza wa marehemu. Mdogo wangu Marián aliniomba nisome tarehe na majina, nikae chini. Tarehe zipo, Marián, usiwe na wasiwasi. Lakini mama aliniachia neno la kuwapa watu wa kijiji hiki, na leo sirudi nalo nyumbani.

Filoména Hudcová, ambaye nyote mlimwita Filka, alizaliwa tarehe 11 Novemba 1944 hapa Vyšné Lúky, mtoto wa nne wa Jozef na Alžbeta Benko. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martin na kijiji kizima kilikuwa kinachinja mabata bukini. Uchungu ulimshika bibi yetu akiwa na bata magotini, amemnyonyoa nusu. Wanasema alimaliza kwanza kumnyonyoa, ndipo akamwita mkunga. Mama alipenda sana kisa hicho. "Alifanya vizuri," alikuwa akisema. "Bata akishapoa hanyonyoleki."

Alisoma shule ya hapa kijijini kuanzia 1951 hadi 1959, kisha akachukua kozi ya mwaka mmoja ya ufugaji wa kuku na bata katika mji wa wilaya. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata wa sindano, ndiyo maana herufi za majina ya maharusi kwenye pembe za foronya alizidarizi mwenyewe.

Tarehe 1 Septemba 1960 aliajiriwa kwenye mabanda ya bata ya shamba la ushirika, akafanya kazi hapo miaka thelathini na tisa mpaka banda la mwisho lilipofungwa. Kazi yake ya moyoni ilikuwa ya majira ya baridi. Baada ya chakula cha mchana wanawake walijaa jikoni kwake, wakakaa kuizunguka meza na kuchambua manyoya, kila unyoya ukitolewa mti wake wa kati, kilima cheupe kikipanda mbele yao. Ilikuwa marufuku kupiga chafya, marufuku kucheka, na yeye ndiye aliyekuwa akiwachekesha. Hakuna binti aliyeolewa hapa bila mablanketi mawili ya manyoya na mito minne kutoka kwenye meza ile. Nani hapa hakulala chini ya blanketi la Filka? Msiinamishe vichwa, tunajuana.

Na ndoa yake ilitoka kwenye meza hiyo hiyo. Januari 1964, dereva wa trekta aitwaye Ondrej Hudec alifungua dirisha na kumwachia shomoro ndani. Wazee mnaujua utani huo. Shomoro akaruka huku na huku, na kazi ya wiki nzima ikapaa hadi darini.

"Wewe! Ingia ndani," mama akamwambia. "Hutoki humu mpaka uokote unyoya wa mwisho."

"Na nikimaliza?"

"Humalizi wewe. Una mikono ya kushikia koleo."

Hakumaliza kweli. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 18 Septemba 1965, na baba alikuwa akisema hadi kifo chake mwaka 2009 kwamba bado yumo kazini. Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi mwaka 1967 na Marián mwaka 1970.

Sasa ugonjwa. Hapa Marián aliandika "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Nimeyafuta maneno hayo. Mama hakuugua kwa uzee.

Alikuwa akisumbuliwa na maambukizi ya njia ya mkojo, yakipona leo yanarudi kesho. Mwezi Juni 2017 daktari wa mambo hayo alimwandikia antibiotiki iitwayo nitrofurantoini, kapsuli moja kila jioni ili maambukizi yasirudi. Na hayakurudi. Tulimshukuru daktari, tukampelekea hata keki za mbegu za mipopi. Kila jioni baada ya chakula nilimpa mama kapsuli ile kwenye kijiko cha jemu ya plamu. Nilimpa mimi, kwa mkono huu.

Mwaka 2020 kikohozi kikavu kilianza. Mwaka uliofuata alikuwa hawezi kufika kwenye banda lake la bata nyuma ya nyumba bila kushika ukuta. Daktari wa mapafu aliona makovu kwenye picha, akauliza, "Mama, unafuga ndege?"

Mama alicheka mpaka pumzi ikamkatikia. "Daktari, niulize kama nimewahi kuishi bila ndege."

"Basi jibu tunalo," akasema daktari. Ugonjwa wa wafuga ndege, alisema, hutokana na vumbi la manyoya. Kila kitu chenye manyoya kitoke nyumbani. Orodha ya dawa ilikuwa mbele yake, akaipitishia macho kama mtu anayesoma menyu akiwa ameshiba.

Bata wake tuliwauza, na Jumamosi tarehe 11 Septemba 2021 mimi na Marián tulitoa nje mablanketi tisa na mito kumi na sita, tukayachoma nyuma ya ghala. Mama alikaa kwenye benchi, ametupa mgongo.

"Zdenka, la Terezka liache," akasema. Terezka ni binti yangu, alikuwa amechumbiwa.

"Mama, unataka kufa?"

"Nataka mtoto alale kwa joto. Lile nimelichambua miaka mitatu."

Sikuliacha. Manyoya hayawaki vizuri, jamani. Yanajikunja na kunuka, moshi ukaingia hadi jikoni, na mama akakohoa siku mbili. Nikajiambia: umeona? Manyoya.

Kisha mkaja ninyi, mmoja mmoja, kuuliza mlangoni kama mablanketi yake yana sumu. Siwalaumu, sisi tuliwaonyesha njia. Lakini siku moja nampeleka kliniki, tukapita kwenye pipa kubwa la taka karibu na ofisi ya kijiji, akasema, "Punguza mwendo." Blanketi lilikuwa linaning'inia nje ya pipa, limelowa. "Ule ni mshono wangu," akasema.

Mwaka mzima na nusu bila unyoya hata mmoja ndani ya nyumba, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Ikaja mashine ya oksijeni. Na kila jioni, kijiko cha jemu.

Tarehe 18 Aprili 2023 alilazwa kwa homa katika hospitali nyingine. Daktari kijana wa wodi, msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, alisoma orodha ya dawa polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hii kapsuli anameza tangu lini?"

"Tangu Juni 2017."

"Kila siku?"

"Kila siku, daktari. Hatujaruka hata moja." Nilisema kwa majivuno, Mungu anisamehe.

Akavuta kiti akakaa. Alinieleza kwamba ni mara chache, lakini dawa ile ikitumiwa muda mrefu inaweza kujeruhi mapafu na kuacha makovu, na mtu anayeimeza hivyo hupaswa kuangaliwa pumzi yake. Akaisimamisha siku ile ile. Akapima na damu kutafuta ule ugonjwa wa ndege, kipimo ambacho hakuna aliyekuwa amekifanya. Hakikuonyesha kitu. Kikohozi kilipungua kidogo baadaye, lakini makovu yalikuwa yamekwisha kukaa.

Nilimrudia daktari wa kwanza, yule wa keki. "Ni nadra sana, mama," akaniambia. "Na imeandikwa kwenye karatasi ya maelezo, ndani ya kila boksi." Ni kweli. Niliyafungua maboksi yale miaka sita. Karatasi zile nilikuwa nawashia jiko. Hata ule moto wa nyuma ya ghala niliuwasha kwa karatasi hizo. Tulimwamini mwenye koti jeupe, mama akaniamini mimi, na hakuna kati yetu aliyestahili imani ile.

Nilimwambia mama yote. Halafu akauliza, "Kwa hiyo manyoya hayakuwa na kosa?"

"Hayakuwa, mama."

"Basi nenda ukawaambie."

Sikwenda. Niliona haya. Ningewaambiaje bila kuwaambia nani alimpa kapsuli na nani aliwasha moto? Kila Jumapili aliniuliza, "Umewaambia?" nami nikajibu bado, nyasi zikikatwa, Pentekoste ikipita, mavuno yakiisha. Kufikia Krismasi aliacha kuuliza. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Mwezi Januari alisema anasikia baridi, anataka manyoya. Sikuwa nayo. Nilimpigia Gizela, jirani yetu, ambaye hakuwahi kutupa kitu maishani. Alikuja na blanketi lake la arusi la 1983 kwenye toroli. Mama akapapasa pembe, akasoma mshono kwa vidole. "G," akasema. "Hii nilifanya vizuri." Chini ya blanketi hilo alifariki Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Gizela amekataa kurudishiwa. Mama amelala nalo humu ndani ya jeneza.

Ameacha watoto wawili, Zdenka na Marián. Wajukuu wawili, Terezka na Šimon. Kitukuu mmoja, Ela. Na Gizela, aliyefanya lile tulilopaswa kufanya sisi.

Sasa neno lake, nimechelewa nalo miezi kumi. Manyoya hayakuwa na kosa. Mlio na mablanketi ya Filka darini, yashusheni leo mlale kwa joto. Mama, nimewaambia. Pumzika sasa kwa amani.