Namba za Siri Mgongoni

Kwenye treni ya asubuhi, nilikaa dirishani, na fundi simu aliketi mbele yangu akiwa na mfuko mwangavu uliojaa simu za wateja, kila moja imebandikwa utepe mgongoni wenye namba yake ya siri. Mama mshonaji aliyekaa kando yake akamwonyesha simu yake. "Kampuni imeacha kuisasisha, tena imeijaza programu takataka zisizofutika. Ifungue kufuli la kampuni, niwe mimi mwenye amri humo."

"Inafunguka, mama. Ila ikifunguliwa, inajifuta yote. Niandikie namba ya siri hapa, uniachie, nikuhifadhie vitu vyako kwanza."

"Vyangu nimeshavihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu. Nina sauti ya marehemu mama yangu humo, na kadi haitoki mkobani."

Fundi akacheka. "Kumbe huniamini?"

"Mwanangu, mfuko wako unasomeka kama ubao wa darasani. Hata huyu wa dirishani keshajua namba za watu wanne."

Zilikuwa sita; nikageuza macho nje ya dirisha.

"Wateja wote huandika!"

"Mimi si wote. Utaifungua nikikutazama, na namba nitabonyeza mwenyewe."

"Ni kazi ya masaa mawili, na dukani kwangu hakuna hata kiti."

"Nitakuja na kigoda changu hiki."

Nusura nimpigie makofi. Treni ikasimama. Fundi akainuka kushuka, akanyoosha mkono aipokee simu; mshonaji akaitia kifuani na kuinuka. "Tangulia," akamwambia. "Mimi niko nyuma yako."