Oili Nyeusi ya Jeki

Benchi letu liko Gikondo, nyuma ya gereji: ubao mmoja juu ya rimu mbili za lori. Mimi nakaa pembeni na jiko langu la kahawa, nao wananiita Mukecuru, yaani bibi kizee, kwa mapenzi, si kwa dharau. Jumanne ile benchi lilichemka kuliko birika. Beberu mweusi alikuwa amefungwa kwenye rimu, maana Jumapili, siku ile barabara zinafungwa magari na mji mzima unatoka kufanya mazoezi, mafundi wa gereji zote walishindana kuchuchumaa na kuinuka, na Jeki wetu akawashinda wote. Jina lake ni Gasana, lakini mtu anayenyanyua injini kwa mikono utamwitaje? Mazoezi hakuwahi kuyafanya. Jua likamwakia, hakunywa hata funda la maji, akachuchumaa na kuinuka mpaka waliokuwa wanahesabu wakachoka wao. Jioni wakampongeza kwa urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Sasa tulikuwa tunamngoja aje amchinje beberu huyo, zawadi yake ya ushindi.

Akaja ameshika ukuta. Mapaja yamejaa suruali kama magunia ya viazi, anatembea kama bata.

— Bingwa huyo! akapaza sauti Vitalis, muuza spea kutoka Mwanza. Tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Kaa hapa, kaka! akaendelea. Kisu tumeshanoa!

— Kukaa siwezi, akasema Gasana. Na wewe Mukecuru, hiyo kahawa usinipe. Tangu juzi usiku mkojo yangu iko rangi hiyohiyo.

Benchi likalipuka kwa kicheko.

— Safi sana! akaruka Cassien, fundi mkuu, tunayemwita Karibureta. Hakuna ugonjwa wa mtu asioujua kwa kupitia gari. Hiyo ni oili chafu, sha! akasema. Injini ilikaa miaka mingi haikimbii, Jumapili imekimbia. Oili nyeusi inatoka. Wacha itoke yote!

— Na haya mapaja yangu?

— Shokapu mpya hizo! Zinajaa gesi.

— Gesi gani, bwana! Vitalis akadakia. Mimi nilikuwepo. Yule aliyeshindwa mwisho alimpa Jeki mkono, akamminya weee, hamwachii. Wamempaka kitu!

— Mkono inaharibu paja namna gani? Gasana akauliza.

— Inashuka! Inapita mgongoni, inateremka taratibu kama basi la kilima cha Rebero!

Gasana akacheka, akajutia kucheka.

— Oya, oya, sasa nimeshika, Cassien akasema, akamnyooshea beberu kidole. Beberu mweusi, mkojo mweusi. Jeki, huyu alilala wapi?

— Kwangu. Uani.

— Si unaona!

— Weee! Vitalis akasimama juu ya benchi. Basi tumchinje sasa hivi, rangi irudi!

Wakacheka mpaka watu wa gereji ya jirani wakaja kuchungulia. Hata mimi nilicheka, nisiseme uongo. Gasana tu alikuwa anaramba midomo.

— Mukecuru, nipe maji. Niko na kiu.

— Usimpe! Cassien akanizuia mkono. Mtu anamwaga oili, wewe unamwagia maji ndani ya injini? Jeki, kunywa ile dawa ya maumivu niliyokupa.

— Nilimaliza yote jana.

— Nitakuletea ingine.

Hapo ndipo alipoingia Akoth, Mkenya mwenye gari jeupe lililolala pale boneti wazi. Kila siku Cassien alimwambia kesho, mpaka neno lenyewe likachakaa.

— Karibureta, leo ndio ile kesho?

— Dada, bado kidogo tu...

Lakini Akoth alikuwa hamsikilizi tena. Anamtazama Gasana.

— Jameni, huyu amevimba hivi. Leo amekojoa?

Cassien akamtazama Vitalis. Vitalis akamtazama beberu. Asubuhi nzima tumeujadili mkojo wa mtu, rangi yake, asili yake, na hakuna aliyeuliza kama bado upo.

— Leo hapana, Gasana akasema polepole. Jana... jana mchana? Tone.

Nikaisikia sauti ya sista wa misheni kule Karagwe, tulikokulia ukimbizini, kama vile amesimama nyuma ya jiko langu. Mume wa Nyirahabimana, jirani yetu wa huko, aliangukiwa na mti miguuni. Walipomtoa alicheka, akaomba uji, watu wakapiga vigelegele. Sista akaja mbio: "Msiniambie anacheka! Niambieni anakojoa!" Alituambia nyama iliyopondeka inayeyuka, inaingia kwenye damu, na figo zikijaribu kuichuja zinaziba. Yule baba hatukuamka naye.

— Vitalis, shuka kwenye benchi, nikasema. Huyu mtoto hajamwaga oili. Ni nyama ya mapaja yake inayotoka. Na chujio limeziba.

Cassien akapauka.

— Filta, akasema. Mana weee, Mungu wangu. Na mimi nimemnyima maji.

— Pikipiki! akalia Vitalis.

— Nitapanda namna gani? Gasana akasema. Mguu haipandi hata ngazi.

Tukageuka, gereji nzima. Magari sita, hakuna hata moja linalotembea. Cassien aliingia kichwa na mabega chini ya boneti ya Akoth, akaweka betri aliyoitoa kwenye lori, akafunga waya kwa meno, na gari la kesho likanguruma leo. Wakamlaza Gasana nyuma, Vitalis akaingia naye, Akoth akashika usukani, wakaondoka boneti imefungwa kwa kamba ya beberu.

Beberu nikabaki nimemshika pembe, kisha nikamfunga tena kwa leso yangu. Kahawa ikapoa, hakuna aliyegusa kikombe.

Mchana mkubwa simu ikalia. Vitalis, anapiga kelele kama mpira umeingia golini.

— Mukecuru! Madaktari wamemwekea maji ya mshipa, chupa juu ya chupa! Wanapima na moyo, wanasema ile nyama ikizidi kwenye damu hata moyo unayumba. Zile dawa za Cassien wamezipiga marufuku, zinaumiza figo. Lakini amekojoa! Bibi, amekojoa!

Nikawatangazia. Mafundi wakagonga spana kwenye madebe, Gikondo ikadhani kuna harusi. Mimi nikaziba sikio moja.

— Vitalis, rangi gani?

Nikamsikia anakimbia kwenye korido, anamuuliza mtu, anarudi anahema.

— Chai ya rangi, Bibi. Si kahawa tena. Chai!

Nikamfungua beberu, nikampa maji.