Mwalimu Koti na Madawati Kumi na Mawili

Wasikilizaji wapendwa, haya nitakayowasimulia nimeambiwa na fundi wetu wa cherehani. Aliniambia Alhamisi iliyopita, baada ya chakula cha mchana, tukiwa sakafuni kwake tunapanga nguo za marehemu dada yake. Za kugawa huku, za kubaki huku. Nimekuja nayo hapa redioni kama yalivyo. Sikutia chumvi, maana hayakuhitaji.

Tunamkumbuka leo huyo dada yake, mwalimu. Amefariki akiwa na miaka sabini na moja, moyo ulichoka. Wengi mlimjua kwa jina la Koti, na wengi mlidhani ni utani wa mtaani. Hapana. Jina hilo alirudi nalo kutoka ugenini. Alikwenda kule kufundisha Kiingereza kwa kujitolea. Nasema tena: kwa kujitolea. Hakuitwa na mshahara. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, ameshafundisha darasani miaka kumi na moja, na alimwambia mdogo wake, huyu fundi, kwamba anataka kuona kama watoto wa huko nao hupiga miayo somo likianza.

Alifika wakati wa baridi. Alipewa chumba ghorofa ya tatu, juu ya duka la mikate, kitanda kimoja, kiti kimoja, na bomba la joto ukutani lililogonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Ufunguo wa mlango ulizungushwa mara mbili kwa kushoto, naye siku ya kwanza alizungusha kulia nusu saa nzima. Nguo alizoanika dirishani ziliganda kwa baridi zikasimama wima kama mbao. Lugha ya mtaani hakuijua hata neno, kwa hiyo wiki ya kwanza alikula mikate na mayai, vitu vya kuonyesha kwa kidole. Sanduku lake hakulifungua siku nne. Alilikalia tu, akalia, akajiuliza nani alimtuma.

Siku ya tano mama mwenye nyumba, mjane mmoja mwenye sauti nzito, alipanda ngazi na koti la marehemu mumewe. Akamvisha bila kuuliza. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu, na mikono ikabidi ikunjwe mara tatu. Ndipo alipofungua sanduku. Na tangu siku hiyo, mtaa mzima: Koti anapita, Koti amenunua sabuni.

Sasa nawaleta shuleni, na nawaomba mkae vizuri, kwa sababu yuko mtu huko ninayetaka tumtazame usoni.

Huyo ni mkuu wa masomo. Alivaa filimbi shingoni kutwa, hata mezani, basi watoto wakamwita Bwana Filimbi. Yeye ndiye aliyempokea Koti mlangoni. Alimtazama kuanzia kichwani hadi pindo la lile koti, akamtazama tena kana kwamba mara ya pili atatokea mtu mwingine. Kisha akamwambia kwa Kiingereza, mbele ya walimu wote:

"Tuliomba mwalimu. Wametuletea mtu wa kusafisha."

Wengine walicheka, wengine walitazama viatu vyao. Bwana Filimbi akampa ufunguo wa stoo, ndoo na kideki. Akasema atasimamia usafi, na watoto wanaochelewa atakaa nao jikoni wamenye karoti, hiyo ndiyo adhabu yao. Darasa? Tutaona.

Koti alipokea ufunguo akashukuru. Fundi anasema dada yake alikuwa hivyo tangu utoto. Ukimkosea hagombani. Anakuweka kiporo.

Basi akadeki. Na jikoni, pamoja na mpishi na wale wachelewaji, akafundisha. Hakuwa na ubao wala chaki. Karoti hii ni ndefu, hii imepinda kama pua ya nani? Nani kamaliza? Mbona wewe una mbili na mwenzio ana tano? Aliwataka wabishane kwa Kiingereza tu, na mpishi alikuwa mbishi kuliko watoto wote. Mwezi haukwisha, watoto wakaanza kuchelewa kwa makusudi. Walijificha nyuma ya ukuta wakisubiri kengele ilie ndipo waingie. Alikuwemo msichana wa miaka tisa, mdogo, mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, ambaye alichelewa kila siku ya Mungu.

Bwana Filimbi aliona, na roho ikamuuma. Aliandika barua kwa shirika lililomleta Koti. Kisha akamwita ofisini, akamsimamisha, akamsomea yote kwa sauti ili atie saini kwamba amesikia. Barua ilisema mwanamke huyu hawezi kufundisha. Ilisema matamshi yake yatawaharibu watoto. Ilisema arudishwe kwao mara tu wakaguzi watakapokwisha kuja na kuondoka.

Wasikilizaji wapendwa, mnaelewa uzito wake? Miaka kumi na moja ya kazi, na karatasi moja inamrudisha nyumbani kama mtu asiyejua kazi. Angetuambia nini sisi? Angesimama vipi tena mbele ya watoto? Alitia saini. Zilibaki wiki sita wakaguzi wafike, na hizo wiki sita alideki korido ya darasa la Bwana Filimbi taratibu sana, mara mbili mbili, akisikiliza.

Na alichosikia ni hiki. Wakaguzi walikuwa na maswali kumi na mawili ya Kiingereza, yale yale kila mwaka, wakianzia dawati la dirishani kuelekea mlangoni. Darasa lilikuwa na watoto kumi na wawili. Bwana Filimbi alimpa kila mtoto jibu moja. Moja tu. Filimbi ikilia, wa dirishani anatoa jibu lake. Ikilia tena, wa pili. Hawakujua swali ni nini. Walijua zamu. Na ili zamu isivurugike, aliwapa amri: kila mtoto na dawati lake, lenye namba yake. Dawati likihamishwa, mtoto alifuate, hata likipelekwa chooni. Hayo ni maneno yake mwenyewe.

Asubuhi ya ukaguzi Bwana Filimbi alimwamuru Koti atoe madawati yote, asugue sakafu mpaka ing'ae, ayarudishe. Kisha akaenda getini kupokea wageni, nywele zimepakwa mafuta.

Koti akatoa madawati. Akasugua. Akayarudisha, yamenyooka kama uzi. La mlangoni akaliweka dirishani. La dirishani akaliweka mlangoni. Na yote ya katikati vivyo hivyo, kinyumenyume. Watoto wakaingia, kila mmoja akafuata namba yake kama alivyoamriwa. Hakuna aliyeuliza.

Mkaguzi aliyeingia kuuliza maswali alikuwa mama wa makamo, miwani puani, daftari mkononi. Bwana Filimbi alisimama nyuma yake, na filimbi mbele ya mgeni hawezi kuipuliza. Koti alikuwa mlangoni na kideki chake. Aliyeketi dirishani sasa alikuwa yule msichana wa mapengo, siku hiyo hakuchelewa.

Mkaguzi akamuuliza ana miaka mingapi.

Msichana akasimama. "Ni ya mbao, na ina miguu minne."

Mkaguzi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akaenda kwa wa pili: unakuja shuleni kwa njia gani? Mtoto akajibu, mvua nyingi, na mara nyingine upepo. Wa tatu akaulizwa anapenda kula nini. Akajibu kwa fahari, kifua mbele: "Bibi yangu na kaka zangu wawili."

Mimi bibi yenu nilicheka pale sakafuni mpaka fundi akaniletea maji. Nacheka na leo. Nanyi chekeni, msione haya, mtu huyo alijitakia. Bwana Filimbi, anasema fundi, alibadilika rangi mara tatu. Aliishika ile filimbi kwa ngumi kana kwamba ndiyo iliyomsaliti.

Mkaguzi hakufika kwa mtoto wa tano. Alitoka nje kutafuta maliwato, akamuuliza mpishi kwa Kiingereza, kwa mazoea tu, bila kutegemea jibu. Mpishi akafuta mikono akamjibu kwa Kiingereza kwamba aende mwisho wa korido, kushoto, mlango haufungi, kwa hiyo aimbe kidogo ili watu wajue yumo ndani. Mkaguzi alirudi akiwa hajaenda. Akaingia jikoni, akakuta wachelewaji watano wa madarasa mengine wanabishana juu ya karoti, kwa Kiingereza, na mmoja akamwambia asimame pembeni anaziba mwanga. Aliketi nao robo saa. Alipouliza nani kawafundisha, wakanyoosha visu vyao vya karoti kuelekea korido, kwenye koti refu lenye kideki.

Yaliyofuata Koti aliyapenda kuliko yote, na mimi pia. Mpishi alimweleza mkaguzi habari ya ile barua, naye akaitaka nakala iliyobaki ofisini. Hakuisoma. Alimpa Bwana Filimbi, akamwambia aisome kwa sauti, akiwa amesimama, mbele ya Koti na walimu wote. Akaisoma. Alipofika pale pa kusema mwanamke huyu hawezi kufundisha, sauti ilikwama, na mkaguzi akamwambia hajasikia, arudie. Akarudia.

Koti alipewa darasa. Bwana Filimbi alipewa geti na daftari la wachelewaji. Na msidhani mwenzetu alitosheka. Alikaa pale miaka miwili kamili. Kila asubuhi akipita getini alimsalimia yule bwana kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, kwa sentensi mpya kila siku, ili asipate kukariri jibu. Miaka miwili. Siku ya kuondoka, bwana yule alimshika mkono akaomba yaishe. Koti akamwambia:

"Yaliisha siku ile uliposoma. Haya mengine nilikuwa najipa raha."

Kama yu hai, na kama kuna mtu wa kumtafsiria redio hii, nataka asikie kwamba hapa kwetu jina lake ni hilo hilo la filimbi. Na asikie kwamba yule mwanamke aliyemwita mtu wa kusafisha amezikwa na wanafunzi mia tatu nyuma ya jeneza.

Sasa liko jambo moja, wasikilizaji wapendwa. Alilijua mdogo wake peke yake.

Siku ile ya madawati, yule msichana wa mapengo alipokwisha kujibu na darasa zima kumwangalia, aliuficha uso kwa mikono miwili. Mabega yakatikisika. Koti aliona kutoka mlangoni. Wiki iliyofuata familia ya mtoto ilihamia mji mwingine, hakumwona tena. Alirudi nalo nyumbani jambo hilo, na miaka ikapita, na akawa nalo. Akiona mtoto analia njiani, hasemi siku nzima. Alimwambia mdogo wake:

"Ningemnong'oneza neno moja tu asubuhi ile. Sikumwambia. Nilitaka yule bwana aanguke vizuri, nikamtumia mtoto kama fimbo."

Fundi alimjibu mara ngapi kwamba ni ya zamani, aisamehe nafsi yake. Hakusikia. Wiki ya mwisho hospitalini alimuuliza nesi kama mtoto wa miaka tisa huweza kusahau.

Alikufa nalo. Nasema tena, alikufa nalo.

Siku ya nne ya msiba simu ya fundi ililia, namba ndefu ya mbali. Ni mwanamke, anaongea Kiingereza. Fundi anakijua, dada yake alimfundisha huku anapinda mapindo. Mwanamke akasema ni dereva wa treni, ana miaka arobaini na mitano, habari za msiba ameambiwa na mpishi wa shule, ambaye alikuwa akiandikiana barua na Koti. Akasema, mimi ndiye niliyejibu ya mbao na miguu minne.

Fundi alikaa chini. Akaanza kuomba radhi kwa niaba ya dada yake, maneno yakimtoka ovyo. Kisha yule dereva akasema:

"Mama, umri wangu kwa Kiingereza niliujua. Mwalimu Koti alinifundisha jikoni. Swali nililielewa. Niliangalia madawati, nikamwangalia yeye na kideki chake, nikajua anachofanya. Nikachagua kujibu ya mbao. Pale nilipojifunika uso nilikuwa nacheka. Siku zote nilidhani anajua."

Miaka thelathini na sita, jamani. Mmoja anabeba mzigo, mwenzake anadhani walikula njama pamoja.

Kwa familia ya marehemu, kwa fundi, kwa watoto wa fundi aliowalea kama wake, tunawapa pole sisi sote wa redio hii. Mungu amlaze pema. Nanyi mnaonisikiliza, nawaachia jambo la kufikiri mkiwa na kazi zenu. Mwenye kisasi chake sitamzuia, mimi si malaika. Lakini yule aliyekushikia upande wako, mpigie simu wakati anaweza kupokea.

Fundi aliponimalizia haya, bado tulikuwa na nguo za kupanga. Aliniambia tangu msiba hajapata usingizi, akifumba macho anamwona dada yake anamuuliza nesi. Nikamwambia basi ajinyooshe kidogo, nitakunja mwenyewe. Akaweka kichwa juu ya rundo la nguo za kugawa. Akasema anapumzisha mgongo tu, nisimwache alale, kuna mteja anakuja kuchukua gauni saa kumi. Nikasema sawa. Nilikunja blauzi mbili. Nilipogeuka, alikuwa ameshalala, mdomo wazi, na mteja alipobisha hodi nilitoka nje nikamwambia arudi kesho.