Fundi Epuyo Losike na Siku Aliyoweka Spana Chini

Ilikuwepo sauti moja ambayo marehemu Epuyo Losike hakuisahau maishani: propela ya ndege ikimgonga mtu. Alisema inafanana na shoka likizama kwenye gogo bichi, mara moja tu, kisha kimya, na vumbi likishuka taratibu kama halina habari. Wengi mlioko hapa leo mlimfahamu baada ya sauti hiyo. Sisi wa nyumbani tulimfahamu kabla yake.

Marehemu alizaliwa Katilu tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa kwanza wa mzee Losike. Alikuwa na umri wa miaka saba wavamizi walipoingia kwenye boma alfajiri, wakamuua baba yake mlangoni, wakaondoka na mifugo. Epuyo alijificha chini ya ngozi ya ng'ombe, na damu ya baba yake ikampita ubavuni ikitafuta mteremko. Miezi michache baadaye mdogo wake Erupe alizaliwa. Mama alikuwa akishinda shambani ukingoni mwa mto Turkwel, kwa hiyo Epuyo ndiye aliyembeba Erupe mgongoni, akienda naye hata kuchunga. Wenzake walimtania wakamwita mama Erupe. Aliitika.

Baba mdogo wake, Asekon, aliwachukua wote wawili. Aliuza mbuzi ili Epuyo asome, kwanza shule ya msingi hapa Katilu, kisha sekondari Lodwar, na mwaka 2001 akampeleka Nairobi kusomea ufundi wa ndege. Watu walimcheka Asekon. Walisema amelisha mbuzi kwa ndege. Yeye aliwajibu kwamba mbuzi huibiwa, lakini kichwa cha mtoto hakuna mvamizi anayekiswaga.

Marehemu alianza kazi mwaka 2005 katika kampuni ndogo iliyokuwa ikirusha dawa na chakula kati ya Lodwar na kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Tarehe 3 Juni 2009 alikuwa juu ya ngazi, mkono wake ukiwa ndani ya bawa, na rafiki yake Kon, fundi kutoka Sudan Kusini, alikuwa akisafisha propela. Ndani ya ndege alikuwamo fundi wa tatu, kijana wa hapa kwetu. Wiki hiyo wenyeji na wakimbizi walikuwa wamepigana Kakuma kwa ajili ya kuni, mpaka mapanga yakatoka. Kon na yule wa ndani hawakuwa wakisemeshana. Kila mmoja alifanya kazi yake amenuna, kila mmoja akikisia mwenzake amefika wapi. Yule wa ndani akakisia vibaya, akawasha injini. Mkono wa Kon uliruka ukaangukia mbali na mwili wake. Epuyo alishuka, akambana begani kwa ovaroli yake, akahisi damu ikimsukuma viganja kwa nguvu, kisha kwa nguvu kidogo, kisha basi.

Baada ya hapo aliliandama somo ambalo kila fundi wa ndege hulazimika kulipitia kabla ya kuruhusiwa kazini, na kulirudia kila baada ya muda: somo la udhaifu wa binadamu. Uchovu, haraka, hasira, huzuni, kununiana, kuogopa kumwambia mkubwa hapana. Mafundi wengi walikuwa wakilihudhuria kwa ajili ya cheti na soda. Mwaka 2011 Epuyo alifuzu kulifundisha, akalifundisha ndani ya kontena kando ya uwanja wa ndege wa Kakuma, joto likiwa la kuokea mkate.

"Mwalimu," fundi Awan alimwambia siku moja, "sisi Wadinka hatuchoki. Andika hivyo."

"Nitaandika. Na jana tochi ilipobaki ndani ya injini, nani alichoka? Tochi?"

Anyieth, Mdinka mwenzake na fundi wa kike pekee darasani, alicheka hadi akatoka nje. Lakini hakuna aliyeondoka katika kontena lile kabla hajasimama mbele ya wenzake na kusema kwa sauti: mimi leo sifai. Marehemu aliwaambia kwamba spana zote ni nyepesi kuliko maneno hayo.

Tarehe 17 Desemba 2011 alimwoa Jelagat, mshonaji wa nguo mjini Lodwar, aliyemfahamu kanisani. Siku ya harusi alifika kanisani amechelewa, kwa miguu, suti imejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameshuka kwenye bodaboda njiani.

"Jamaa alikuwa anagombana na mke wake kwenye simu," alimweleza bibi harusi.

"Haya, ingia," Jelagat akamjibu. "Wewe utagombana na wako ana kwa ana."

Mungu aliwajalia watoto wawili, Nakaale na Kon.

Sasa tunafika kwenye siku ambayo familia hii haijawahi kuitaja mbele ya watu. Mzee Asekon ameomba isomwe yote, na yuko hapa anasikia.

Tarehe 19 Septemba 2023 wavamizi waliwakuta wachungaji mtoni, wakampiga Erupe risasi ya tumbo. Asekon na wanawe walimpakia nyuma ya pikapu, wakakesha naye barabarani, Asekon akimshikilia utumbo kwa shuka. Asubuhi daktari wa Lodwar alisema mgonjwa huyu anahitaji kupasuliwa Eldoret, na haraka. Ndege iliyokuwepo uwanjani ilikuwa moja, nayo injini yake ilikuwa wazi: Epuyo alikuwa akiibadilisha pampu ya mafuta. Walimleta Erupe kwa machela wakamlaza kwenye kivuli cha bawa. Epuyo alimshika uso. Kisha akarudi kwenye injini na kuendelea kufunga, damu ya mdogo wake ikiwa vidoleni.

Alifunga kidogo. Kisha akashuka ngazi na kuweka spana chini.

"Mimi leo sifai," alisema. "Rubani, mpigie Anyieth Kakuma. Aje aifunge yeye."

Asekon alidhani hakusikia vizuri. "Mashine hii unaijua. Funga twende."

"Baba, mikono inatetemeka. Sikumbuki nilichofunga na nisichofunga."

"Itatetemeka vizuri nikiikata."

"Nikikosea wataanguka wote. Rubani, muuguzi, Erupe mwenyewe."

"Ndugu yako anakufa hapa chini, na wewe unawalilia watakaokufa juu? Unamngojea Mdinka?"

Binamu zake walianza kwa fimbo. Epuyo hakukimbia wala hakuinua mkono, na hilo likawatia hasira zaidi. Wakamvunja mbavu. Alipoanguka, Asekon, aliyemlea, alichukua chuma cha jeki kwenye pikapu akampiga nacho mgongoni, kiunoni, tena na tena, akimwita muuaji kwa kila pigo. Rubani alijaribu kumshika, akapasuliwa mdomo. Na wakati chuma kinapanda na kushuka, Erupe alikata roho pale kivulini. Waliomzunguka walikuwa wamempa mgongo. Muuguzi ndiye aliyepiga kelele.

Anyieth alipofika alikuta damu mbili kwenye lami, ya kaka na ya mdogo. Hata hivyo alipanda ngazi akakagua. Bomba la mafuta, ambalo Epuyo alilifunga baada ya kumwona ndugu yake, nati yake ilizunguka kwa kidole. Hewani mafuta yangemwagikia injini iliyokwisha kupata moto. Rubani alipoonyeshwa, aliketi chini.

Asekon alipoelezwa alitema mate. "Wamemtungia mwenzao uongo."

Siku ya kumzika Erupe, Epuyo alikuja na mkongojo mpaka langoni, akapigwa mawe, akarudi. Polisi walipomuuliza nani alimuumiza, alisema aliteleza kwenye ngazi.

"Ngazi gani hiyo yenye chuma cha jeki?" Jelagat alimuuliza walipofika nyumbani. Epuyo alirudi Kakuma kufundisha, akiwa ameketi kwa sababu mgongo haukumruhusu kusimama. Boma la Asekon halikumpa tena hata maji. Krismasi zote mbili zilizofuata alituma salamu, na mara zote mbili salamu zilirudishwa na yule yule aliyezipeleka. Jelagat anasema mbavu hazikumuuma kama hilo.

Mwaka 2024 figo, zilizopondwa siku ile, zilianza kushindwa. Alisafishwa damu katika hospitali ya Lodwar hadi mwili ukakataa. Alifariki asubuhi ya tarehe 6 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 43.

Ameacha mjane, Jelagat, na watoto wake Nakaale na Kon. Ameacha mama yake mzazi, binamu, na mafundi wa Lodwar na Kakuma wanaolibeba jeneza lake leo. Ameacha pia baba yake mdogo, Asekon, ambaye jina lake liko hapa kwa matakwa ya marehemu. Mwenyezi Mungu ampokee mtoto huyu wa Katilu na ampe usingizi usio na kishindo.

Juma moja kabla ya kifo cha marehemu, Asekon aliingia wodini akasimama mbali na kitanda, kofia mkononi.

"Ejok," alimsalimu Kiturkana.

"Ejok, baba. Kaa."

Hakukaa. "Nilikuita muuaji mbele za watu. Nikakuvunja kwa chuma. Polisi walikuja, hukunitaja. Nimekungoja mwaka mzima unitukane, hata neno moja. Kwa nini?"

Epuyo alijibu kwa sauti ya chini. Jelagat, aliyekuwa upande wa pili wa kitanda, ilimbidi ainame ili asikie.

"Ulikuwa hujalala, baba."